Ubao wa Maître Fidèle

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Mimi ni mzima, samaki wa mto nala kila siku, ila nimekonda. Usimlaumu mpishi, ni darasa.

Nilikwambia nafundisha Kiingereza hapa Kisangani, karibu na maporomoko. Sikukwambia nimelirithi darasa kwa nani. Mwalimu aliyenitangulia, Maître Fidèle, alipanda mtumbwi kwenda Isangi kumwona mamake. Mtumbwi ukapinduka, na mwili wake haujaonekana mpaka leo. Mwandiko wake bado uko ubaoni. Ni maneno ya kuunganisha sentensi, kayapanga kwa makundi: because na since kwenye sababu, although kwenye kinyume. Chini kaanza mfano: "The river rose; however," na nukta mkato yake kabla, mkato wake baada. Kisha hakuna kitu.

Siku ya kwanza nilishika kitambaa nifute. Darasa zima likasimama.

"Madame, usifute ile," kiranja akasema. "Mwili yake hatujaona. Ukifuta, iko kama unamuzika."

Basi naandika pembeni, kwenye nafasi iliyobaki. Wanafunzi huniita Maître Fidèle kwa kusahau, nami naitika. Juzi niliona herufi zangu zimeanza kulala upande kama zake. Unajua mimi si mwoga, Mama, lakini niliogopa. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi naona nimekuja kuugua pamoja nao.

Jana alikuja mkewe, Mama Régine, na beseni lake la samaki wa kuuza. Akautazama ubao muda mrefu.

"Alitaka kuandika nini hapa?"

Nikamwambia sijui.

"Bon, basi. Familia yake inanikataza kulia, eti atarudi. Nimechoka, madame."

Akafungua kilemba chake, akakilowesha, akafuta kuanzia juu, polepole, mpaka mkato wa mwisho. Kisha akaketi sakafuni akalia kwa sauti. Wanafunzi wakashuka kwenye madawati, wakakaa wakimzunguka kama watu wa matanga. Nami nikakaa, nikalia.

Msalimie shangazi Mwajuma mkunga, na dada Asha na wanawe. Mjomba Hamisi, anayevuka ziwa kila wiki na dagaa zake, mwambie asipande chombo siku ya mawimbi. Akicheka, mwambie nimekaa sakafuni na mke wa mtu aliyechukuliwa na maji.

Mwanao,
Rehema