Mashine Inayolala Jumapili

Khemis, ndugu yangu,

Nakuandikia kwa kalamu, kwa sababu kompyuta siiamini kwa jambo hili. Ungecheka. Miaka yote ulisema hakuna kitu ambacho sijakishuku, hata chai ya mke wangu nainusa kwanza. "Mukongo, wewe iko na shaka mingi," ulikuwa ukiniambia, nami nakujibu kwamba wazazi wangu walivuka mpaka kutoka Kongo wakiwa na watoto wao wote kwa sababu walishuku mapema. 

Huu ni mwezi wa tatu tangu uondoke. Mama Zubeda bado anakaa eda. Binti yako Zubeda ameihamishia kompyuta yako sebuleni, juu ya matofali yako yale mawili, na kila Jumamosi anaipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli kama ulivyomfundisha. Duka langu la kompyuta hapa Arua lipo, wateja wapo, umeme unakuja na kwenda. Kwenye ukurasa wako wa mtandaoni, alama za ile kazi yetu zinaendelea kuongezeka. Zinaongezwa na mashine mbili. Hiyo ya pili ndiyo iliyonikalisha hapa na kalamu.

Unayajua haya yote, lakini niache niyaseme tangu mwanzo, nataka kuona ni wapi nilipopotea.

Wewe ndiye uliyeniingiza katika kazi hii. Ulikuwa umesoma kwamba kuna watafiti wa mbali wenye hesabu kubwa mno, za magonjwa na dawa, na kwamba wanazikata vipande vipande na kuwatumia watu wa kawaida. Kompyuta ya nyumbani inapokaa bure inachukua kipande, inakokotoa, inarudisha jibu, inachukua kingine. Hakuna malipo. Kuna alama tu, na hizo hazitolewi mpaka jibu lako lilingane na la mashine nyingine, ya mtu usiyemjua. Mimi nilishuku siku ile ile. Nani anagawa kazi hivi bila kumdanganya mtu? Lakini hilo la kulinganisha majibu lilinipendeza. Nilikuambia hawa angalau hawamwamini mtu yeyote, ni watu wangu.

Tukawekeana sharti dukani kwangu: kila mmoja mashine moja, ya nyumbani kwake, basi. Wewe Koboko, mimi Arua. Kila mwisho wa wiki tunapigiana simu na kusomeana: wastani wa alama kwa siku, joto la prosesa, vipande vilivyokataliwa, saa ambazo umeme haukuwepo. Wewe ulichora kwenye karatasi za grafu za darasa lako la hesabu, mimi niliandika kwenye daftari. Mashine yako ilipokuwa inachemka ukaipandisha juu ya matofali ipate hewa, kisha ukanipigia kuniambia homa imeshuka, kama mtu anayetoa habari za mtoto. Nilifurahi siku ile kuliko nilivyokuonyesha. Sikuonyesha kwa sababu mashine yako ilinipita wiki hiyo.

Halafu mwaka jana, mvua zilipoanza, ukurasa wako ukaonyesha mashine mbili.

Mgeni haonyeshwi jina la mashine. Anaona namba, aina ya prosesa, alama, na saa iliporipoti mara ya mwisho. Sikukuuliza. Mtu wa aina yangu haulizi, anaandika kwanza. Nikaanza kuifuatilia. Miezi na miezi niliifuatilia, asubuhi kabla ya kufungua duka na jioni baada ya kulifunga, nikaijua tabia yake kuliko ninavyowajua majirani. Ilikuwa mashine nzito, ya zamani, lakini haikosei. Ijumaa haikupumzika hata saa ya swala. Jumapili asubuhi ndiyo ililala, kimya kabisa, na kuamka karibu na saa saba mchana. Kila Jumapili.

Nikajiuliza ni nyumba gani ya Kiislamu pale Koboko inayozima kompyuta wakati wa misa. Nikapata jibu ambalo, ukweli ni huo, nilikuwa nalitamani: hii haiko nyumbani kwako, iko shuleni kwako. Ni kompyuta ya watoto, umeiwekea kazi yetu kwa siri ili unipite, na anayeiwasha na kuizima ni mlinzi Mkristo.

Nikakupigia nikakusomea daftari langu lote, mstari kwa mstari. Ukacheka. "Mashini yangu iko moja tu, Mukongo. Ile ingine, tafuta mwenyewe." Kicheko ndicho kilichoniwasha. Nikasema neno lile. Naliandika hapa, maana nisipoliandika nitaanza kulisahau kwa faida yangu. Nilisema: nyinyi watoto wa kambi mmezoea kuchukua vya watu.

Baba yako alikuwa mwanajeshi, mlikulia kambini. Mimi naenda misa Ombaci, napita penye ukumbusho wa waliouawa kila Jumapili. Najua watu walifanywa nini huku kwetu kwa sababu tu mtu aliwanyooshea kidole na kusema hawa ni wa wale wanajeshi. Mimi, kati ya watu wote, niliyeitwa mkimbizi shuleni mpaka wewe ulipokuja kukaa karibu nami. Nilisikia kuku wenu kwenye simu. Kisha ukasema, "Sawa, ndugu yangu," ukakata.

Hatukupigiana tena. Wiki ya tatu Zubeda akanitumia ujumbe kwamba umelazwa na unaniulizia. Nikashuku, Khemis. Nikajiambia Khemis anataka nimwonee huruma niache mambo ya mashine. Nikafungua ukurasa wako: ile ya pili ilikuwa imeripoti asubuhi hiyo hiyo. Nikasema ni mgonjwa gani huyu ambaye kazi zake haziumwi. Sikuja. Siku ya nne simu ya msiba ikaja, na nyinyi Waislamu hamkai na maiti. Nilipofika Koboko walikuwa wamekwisha kukuzika na watu wanarudi. Nilisimama kaburini na daftari ndani ya koti. Nilikuwa nimekuja nalo. Sijui nilitaka kumwonyesha nani.

Na mashine ya pili ikaendelea. Umezikwa, na inaripoti. Jumapili inalala, Jumapili mchana inaamka. Nikaona hapa pana mtu, na mtu huyo anajua. Nikamwomba Zubeda afungue ukurasa kwa neno lako la siri, maana mwenye ukurasa anayaona majina. Ya kwanza iliitwa Khemis. Ya pili iliitwa Shemeji.

Nikasema nimekukamata. Samahani, ndivyo nilivyosema, kimoyomoyo, mbele ya mtoto wako. Shemeji ni nani kama si Isa, ndugu yake Mama Zubeda, aliyeko kijijini Lobule, huko huko Koboko? Nikakodi boda siku hiyo hiyo. Isa nilimkuta anaanika muhogo. Sikumsalimia vizuri, nilianza na swali. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniingiza ndani nione: kitanda, baiskeli, redio ya betri. "Mimi iko na redio tu. Hii kompyuta mimi naweka wapi, kwa muhogo?" Hakukasirika, na hilo likanifanya nimshuku zaidi. Akanipa maji. Wakati nafunga koti langu akasema, taratibu, kama mtu anayekumbushwa kitu: "Lakini shemeji iko mingi. Na bibi yako, Khemis alikuwa naita yeye nani?"

Nilipanda boda nikimwaza mke wangu.

Kutoka Koboko mpaka Arua ni lami tupu, na njia nzima nilikuwa nahesabu Jumapili. Nani katika maisha yangu anazima kila kitu kabla ya kwenda misa, tangu siku waya zilipoungua kwa jirani? Mimi ya kwangu naiacha inafanya kazi, na tunagombana kwa hilo mpaka mlangoni mwa kanisa.

Chumba cha cherehani cha mke wangu kiko upande wa barabara, kina mlango wake. Sijui kama utaniamini, lakini nilikuwa sijaingia humo tangu Krismasi. Mle ana kompyuta ya zamani ya kuwaonyesha wateja mishono ya vitenge. Iliharibika mwaka jana. Aliniomba niitengeneze, mimi fundi wa kompyuta za mji mzima, nikamwambia asubiri, nina kazi za watu. Alisubiri mpaka siku uliyokuja kununua feni ya mashine yako, ukapita kumsalimia. Uliiona, ukachukua bisibisi yangu, ukaketi naye. Nilikuwa dukani, sikuuliza ulifanya nini. Nilimuuliza yeye jioni ile niliyotoka Lobule. Akasema, bila kuinua macho kwenye kitambaa, "Khemis alisema nisiizime, ina kazi yenu wawili. Nazima nikienda misa tu. Kwani nimeharibu?"

Jina la mashine lilikuwa limeandikwa pale pale kwenye kioo. Shemeji. Diski uliyomwekea ilikuwa nakala ya diski yako, na ile programu ya hesabu za watafiti ilikuja ndani yake kama kupe kwenye mbuzi wa kununua, imejiandikisha kwa jina lako. Nikaleta daftari. Siku ambazo umeme wa Arua ulikatika nilikuwa nimeandika kwenye ukurasa wa kushoto, kwangu hakuna umeme. Na kwenye ukurasa wa kulia, siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, ya pili ya Khemis kimya. Mkono ni wangu, wino ni mmoja. Sikuwahi kuzitazama kurasa mbili kwa pamoja, kwa sababu mashaka yangu yote yalikuwa yanaelekea Koboko.

Nililia, Khemis. Nililia mbele ya mteja aliyekuja na kitenge chake mkononi, na mke wangu akazima cherehani.

Bado kuna kitu nakushuku, na nani mwingine nimwambie. Mbona hukusema? Ulipoona utani umegeuka, neno moja lingetosha: ni ya mke wako. Mwanzoni nilifikiri ulitaka nijionee mwenyewe, na aibu juu yake. Halafu nikakumbuka kwamba hukuwa mtu wa hivyo. Hata wanafunzi walioiba mtihani uliwaita mmoja mmoja nje ya darasa ili wenzao wasiwacheke. Kwa hiyo nashuku jambo jingine, na hili haliniachi nile. Nashuku kwamba ulipokuwa unaniulizia pale kitandani ulitaka kuniambia. Siku nne uliniulizia. Na mimi nilikuwa hapa, mwendo wa gari moja tu, naandika saa ambazo mashine ya mke wangu iliripoti.

Kompyuta ya mke wangu, Mama Furaha, tumeiacha inafanya kazi. Alama zitaendelea kwenda kwa jina lako, yeye mwenyewe amesema hivyo, na amesema pia kwamba hataacha kuizima Jumapili hata kama wewe ungefufuka na kumwomba. Zubeda ananiambia anafungua ukurasa wako kila asubuhi, anaona namba imesogea, ndipo anaenda kazini. Hajui inatoka kwangu. Hajui nilikuambia nini. Wanao wote wananiita baba mdogo na walinishukuru kwa kuja msibani.

Nimekuwa nikijiambia nisubiri eda ya mama yao iishe, ndiyo heshima. Halafu nikaanza kuandika barua hii, na nilipofika ukurasa wa tatu nikaona ninachokifanya. Nimemfuatilia mtu huyu anayeandika kwa miaka mingi, namjua tabia. Ataandika vizuri, atalia kidogo juu ya karatasi, ataikunja, na kesho atajiona amekwisha kuomba msamaha. Wewe huwezi kumjibu, na hilo linamfaa sana.

Basi sitakuahidi kitu ambacho hakuna mtu wa kukihakiki. Nimeacha kalamu kidogo nikampigia Zubeda, nimerudi sasa hivi. Nimemwambia nakuja kesho asubuhi na awaite ndugu zake. Aliuliza kuna nini, nikasema nitasema nikifika. Mama yao atakuwa chumbani, atasikia kupitia pazia. Nitalisema neno lile kama nilivyolisema, bila kulipunguza, na nitasema kwamba uliniita siku nne na sikuja kwa sababu nilidhani unanidanganya. Wakiniambia nitoke, nitatoka. Wakiacha kuniita baba mdogo, itakuwa haki yao. Mama Furaha amesema atakuja nami, na kwamba nikianza kujitetea atanivuta koti.

Sijui mnaagana vipi na aliyekwisha kutangulia. Nilichelewa, sikusikia dua yenu. Kwa hiyo nakuaga kwa maneno niliyo nayo. Ulikuwa mtu mkweli, Khemis. Ungekuwa hai ningekuomba unithibitishie.

Kwaheri, ndugu yangu. Uliponiita sikuja. Kesho nakuja.

Kambale