Dada Watatu Wenye Mikia na Bwana Mwenye Majibu Yote

Mshauri wetu, nakusalimu kwa heshima zote na nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimefika mahali pagumu na humu nyumbani hakuna tena anayenisikiliza isipokuwa wenye mikia.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na ushei, naishi hapa mjini Olomouc, ghorofa ya pili, na nafuga panya. Si wale wa mtaroni, hao ni wa manispaa. Wangu ni wa kufugwa, wana ukoo unaojulikana, naweza kukutajia bibi wa bibi yao na alikufa kwa nini. Sizalishi ovyo, jike mpaka awe na kifua kizima na tabia njema ndipo apate mume, na watoto nawazoesha mikono yangu tangu hawajafumbua macho ili wasimwogope binadamu, ingawa binadamu niliowaona mwaka huu wananitia hofu mimi mwenyewe.

Safari hii walizaliwa kumi na mmoja. Wanane wamechukuliwa na wenzangu wa chama cha wafugaji, wamebaki dada watatu, na hao ndio wanaoninyima usingizi, kwa sababu mimi simgawii mtu panya kama agawaye vipeperushi vya uchaguzi. Mtu akija anavua viatu, anavaa ndara za wageni, anakaa, anapewa chai, halafu namhoji. Namuuliza tundu lake lina upana gani, daktari wake wa wanyama ni nani, panya akianza kukoroma atafanya nini, na kama ana nyoka. Mume wangu Radovan anasema, "Zdislava, hata walinzi wa mpaka enzi za ukomunisti hawakutuhoji hivi, nao walikuwa na mbwa." Sasa yeye ana mdomo gani, mtu ambaye jibini lake lile la hapa kwetu likifunguliwa panya wenyewe wanaziba pua?

Swali linalowaangusha wengi ni la Ijumaa. Nauliza, "Ijumaa jioni mkienda kwenye kibanda chenu cha msituni, panya wanabaki na nani?" Basi hapo wanaanza kutazamana, maana kama ujuavyo nchi hii ikifika Ijumaa saa tisa hata ukizimia barabarani hakuna wa kukuokota, wote wameshakwenda kukata majani na kuchoma soseji. Msichana mmoja wa chuo kikuu akaniambia atawaacha na mwenzake wa chumbani, nikamuuliza mwenzake anapenda panya, akasema "anawavumilia," nikamrudishia viatu vyake. Ikaja na jozi moja ya wachumba, vijana wazuri, nikawauliza swali langu la kawaida, "Mkiachana, panya wanakwenda na nani?" Mwanamume akasema, "Na mimi." Mwanamke akasema, "Na wewe? Wewe ambaye soksi zako mwenyewe huzijui zilipo?" Waliondoka kwa tramu mbili tofauti. Si kosa langu, mimi niliuliza tu.

Kwa kuwa watu walikuwa wanafeli sana nikaona niwahurumie, nikaandika kwenye ukurasa wangu wa mtandao maswali yote na chini ya kila swali jibu linalofaa, ili mtu ajiandae. Na namshukuru Mungu maana hapo ndipo alipotokea Bwana Lumir.

Mshauri, sijawahi kuona mtu kama huyo. Alivua viatu kabla sijafungua mlango. Kila nililomuuliza alijibu sawasawa, bila kukwama, na nilipofika kwenye nyoka akanitazama machoni akasema, "Sina nyoka wala sitamani kuwa naye," maneno yaleyale niliyoyaandika mimi, machozi yakanilengalenga. Nyumba yao ameshaiandaa, amenitumia picha: tangi kubwa la kioo, lina taa ya joto juu na kifuniko chenye kufuli, yaani anajali hata wasipate baridi. Nitamwambia kwa upole tu kwamba kioo hakipitishi hewa, mkojo ukikaa humo utawaumiza kifua. Aliuliza wana uzito gani, na kama nitakuwa na wengine wa ukubwa uleule kila mwezi, kwa maana anapenda kuendelea kupokea kwa mfugaji mmoja anayeaminika. Anakuja Jumamosi asubuhi. Safari hii hatutakwenda msituni kwa ajili yake.

Tatizo langu ni Bi Drahomira wa ghorofa ya tatu. Huyu ni mjane, ana miaka sabini na minne, zamani aliimba katika kwaya ya opera na hadi leo akishuka ngazi jengo zima linajua ameamkaje. Naye anawataka hao dada watatu. Mumewe alipokuwa hai walifuga panya, tundu lao la waya bado analo, refu kama kabati. Nami kwa kuwa sheria ni sheria nilimkalisha nikamhoji kama wengine, nikamuuliza kwa adabu, "Bi Drahomira, samahani, na ukifariki panya watakwenda wapi?" Akaweka kikombe chini akaniambia, "Mwanangu, panya anaishi miaka miwili, mitatu akiwa mkaidi. Juzi nimenunua koti la baridi la kunitosha miaka kumi, na muuzaji dukani hakuniuliza nitakufa lini." Nikamwambia panya si koti. Akasema, "Ndiyo maana sijakuuliza kama wanafuliwa."

Basi, katika masharti yangu umri mwisho ni sabini, na tena huwa anawalisha vipande vya buchti, vile vimkate vitamu vya mbegu za mpopi, na anawaimbia, sijui kama masikio yao yanastahimili. Siwezi kumpa. Ila naomba unifundishe namna ya kumkatalia asikasirike, maana funguo zetu anazo yeye, na ndiye anayekaa na panya wangu kila Ijumaa hadi Jumapili tukiwa msituni, mwaka wa sita huu, na akinuna sijui nitawaacha na nani.

Wako katika dhiki,
Mama wa Kumi na Mmoja, Olomouc

*

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Kumi na Mmoja, barua yako nimeruka nayo juu ya vichwa vya wanandoa wanne na baba mkwe mmoja aliyefungiwa nje. Hao wanaweza kunisubiri wiki ijayo. Panya wako hawawezi, gazeti linatoka Alhamisi na Bwana Lumir anakuja Jumamosi.

Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, kumsomea jirani yangu ambaye hajawahi kumshika panya maishani. Nilipofika kwenye taa ya joto akasema, "Huyo ana chatu." Hakusoma ukurasa wako wa mtandao, maskini, ndiyo maana aliona.

Keti, mama. Kunywa hiyo chai unayowapa watuhumiwa wako. Tangi la kioo, taa juu, kufuli kwenye kifuniko. Panya wako wamefunikwa manyoya na wanaishi kwenye jengo lenye mabomba ya joto. Taa ya nini? Nani humo ndani anayehitaji kuota joto? Na kufuli ni ya kumzuia nani? Mtu anayetafuta rafiki huuliza yupi mpole, yupi mwoga, yupi anapenda kulala kwenye mkono wa sweta. Huyu aliuliza uzito. Halafu akaagiza kila mwezi, ukubwa uleule. Wewe ukaona uaminifu. Mimi nimeona mteja wa bucha.

Na usiniambie alijibu vizuri. Alijibu vizuri kwa sababu ulimpa mtihani na majibu yake pamoja, kisha ukalia kwa furaha alipofaulu. Yule msichana wa chuo alikuambia ukweli, kwamba mwenzake anawavumilia panya, ukamrudishia viatu. Wale wachumba walikuambia ukweli pia, ingawa kila mmoja alimwambia mwenziwe. Nyumbani kwako mkweli hutoka na viatu mkononi na mwongo hupewa tarehe.

Sikulaumu kwa kuwa mkali. Dunia imejaa watu wanaomnunulia mtoto panya wa Krismasi na ikifika Pasaka wanamwacha kwenye boksi nyuma ya kituo. Kwa mfugaji kuuliza ni wajibu, na kutompa mtu panya mmoja peke yake ni wajibu, na kusema "ukishindwa mrudishe kwangu, saa yoyote, sitakuuliza kitu" ni wajibu mkubwa kuliko yote, nami naona hilo la mwisho katika barua yako yote hukulitaja. Ulikuwa umeshughulika na ndara.

Sasa tuje kwa Bi Drahomira, na hapa nitasema polepole kwa sababu nimekasirika.

Unaogopa kumpa panya watatu mwanamke ambaye umempa panya wote ulio nao, mama zao, baba zao, na funguo za mlango, kila wiki kwa miaka sita. Ana umri mkubwa mno Jumatatu hadi Alhamisi, ikifika Ijumaa saa tisa anakuwa kijana. Sauti yake inaweza kuwaharibia masikio akiwa ghorofa ya tatu, lakini akishuka kuja kwako, huku wewe unachoma soseji, masikio yanapona. Swali lako la Ijumaa, lile la kuangusha watu, ungejiuliza wewe mwenyewe mbele ya kioo ungefeli, kama si yeye. Yeye ndiye jibu lako. Na ulimkalisha kwenye kiti cha wageni ukamuuliza atakufa lini.

Unaniomba nikufundishe namna ya kumkatalia asikasirike. Sifundishi. Natamani angekasirika, tena kwa sauti yote ya opera, madirisha yako yakapasuka.

Buchti, mwambie apunguze. Kipande kidogo Jumapili, basi. Na akifa kabla yao? Wewe unakaa chini yake. Utapanda ngazi, utashuka na tundu. Hilo ndilo jibu la swali lako, na lilikuwa lako tangu mwanzo, si lake.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, kabla supu haijapoa, wachukue dada wote watatu kwa pamoja, usiwatenganishe, upande ghorofa ya tatu. Usichukue karatasi ya maswali. Omba akuonyeshe tundu, uangalie waya na mlango kama mfugaji yeyote mwenye akili, kisha umwombe radhi kwa lile swali. Radhi fupi. Ukianza kueleza masharti yako, nyamaza. Wakishaingia kwenye mkono wa sweta yake, rudi chini.

Ukurasa wa mtandao, acha maswali, futa majibu. Na anayekuja siku nyingine, usimsikilize tu. Mwekee panya mkononi ukae kimya. Atakayemtazama usoni anatafuta mwenza. Atakayempandisha na kumshusha kiganjani anatafuta kilo. Yule msichana wa chuo, ukizaa tena, namaanisha jike wako akizaa tena, mtafute, umpe na chai ya pili. Mzee Radovan namwombea subira, na dirisha la jikoni lifunguliwe wakati wa jibini.

Jumamosi asubuhi Bwana Lumir atagonga, viatu vyake tayari mkononi. Mwambie panya wamekwisha. Akiuliza wa mwezi ujao, usipige kelele, usilie, muulize tu kwa upole nyoka wake anaitwa nani. Akikutajia jina, basi hatimaye utakuwa umepata kwake jibu moja ambalo hukumwandikia wewe.