Karatasi Namba Nne

Jumatatu, 4 Machi

Daktari alikuja asubuhi. Alisikiliza kifua muda mrefu, akakunja kipimo chake taratibu, akasema nile chochote ninachotamani. Nimesoma vya kutosha kujua maana ya sentensi hiyo. Moyo umechoka. Zimebaki wiki, si miezi.

Sisimizi — mjukuu wangu, jina alilipata utotoni kwa kutotulia — alishindwa kunitazama. Akajifanya anatafuta miwani yangu. Ilikuwa usoni kwangu.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Nataka niliandike hapa kwanza, nione kama mkono utakubali.

Jumatano, 6 Machi

Haukukubali. Jana nilijaza ukurasa kwa habari za dawa na usingizi, nikauchana.

Leo Sisimizi ameniletea lebo. Anatengeneza mafuta ya ngozi jikoni kwake na sasa anataka kuyapeleka madukani. "Babu, si wewe ndiye uliyekuwa polisi wa matangazo? Haya, nikague." Ni kweli. Miaka ishirini na sita kiwandani, hakuna neno lililokwenda kwa mpiga chapa bila saini yangu.

Huondoa makovu kwa siku saba. Makovu ya nani? Ya rafiki yake. Na hizo siku saba? Akajikuna shingo. "Kama kumi na tano hivi." Nikapiga mstari. Bei ya zamani imekatwa kwa wino mwekundu, mpya chini yake. Uliwahi kuuza kwa hiyo ya zamani? "Babu, hata chupa ya kwanza sijauza!" Nilicheka mpaka nikakohoa. Mstari. Kisha picha ya mwanamke mwenye ngozi kama kioo, eti mteja wetu. Umemjulia wapi? "Nimemtoa kwenye simu." Mstari.

"Basi umenimaliza. Limebaki jina la mafuta tu."

Nikamweleza tulivyokuwa tukifanya. Sheria inatisha vitabuni, mezani ni kitu rahisi. Kila dai la tangazo tulilipa namba. Kila namba ilikuwa na karatasi yake ya ushahidi ndani ya faili la kijani. Ushahidi ambao haujafika uliwekewa karatasi nyeupe yenye namba tu, ishike nafasi. Na faili lenye karatasi nyeupe halisainiwi, hata aje nani. Ushahidi kwanza, neno baadaye. Na onyo la maana usiliandike kwa herufi za kutafutwa kwa tochi.

"Na hamkukosea hata mara moja?" aliuliza, huku anafunika kalamu.

Nikasema nimechoka, anipunguzie mto mmoja nilale.

Alhamisi, 7 Machi

Sasa.

Kiwanda kilikuwa kinatoa chujio jipya la maji. Ndoo mbili, moja juu ya nyingine, katikati kichungi cha udongo mweupe. Tangazo lilikuwa na madai manne. La nne lilisema: Hakuna haja ya kuchemsha. Maabara walikuwa hawajaleta majibu, kwa hiyo karatasi namba nne ilikuwa nyeupe.

Meneja wa mauzo alikaa kwenye kona ya meza yangu, anatikisa mguu. Mpiga chapa anasubiri, mvua ndizo hizo zinaanza, watu wanataka chujio leo si mwezi ujao, na majibu yatakuja yaleyale tunayoyajua. Nilisaini. Sikuhongwa, sikutishwa. Nilitaka tu aondoke kwenye meza yangu.

Majibu yalifika siku ya kumi na moja. Maji ni salama — iwapo kichungi kitatolewa na kuchemshwa kila wiki mbili. Kisipochemshwa, vijidudu huzaliana humohumo ndani. Hilo halikuwa popote kwenye boksi.

Nilijua la kufanya, ndiyo kazi niliyosomea. Kusimamisha mauzo siku hiyohiyo. Kurudisha mali iliyoko madukani. Kutangaza kosa kwa herufi kubwa zilezile tulizotangazia sifa. Badala yake nilichomoa karatasi nyeupe, nikaweka majibu mahali pake, faili likawa limekamilika. Pembeni nikaandika: lebo irekebishwe toleo lijalo. Toleo lijalo lilitoka baada ya miezi mitano.

Na lile chujio la kwanza kabisa nilikuwa nimempelekea mdogo wangu. Zawadi.

Jumamosi, 9 Machi

Jana sikuweza. Leo pumzi ni afadhali kidogo.

Mdogo wangu alikuwa fundi saa. Alikuwa na binti wa miaka minne, tukimwita Kasuku kwa wingi wa maneno yake. Shemeji alitaka kuendelea kuchemsha maji. Mdogo wangu akamwambia — nilikuwepo, nilisikia — "Kaka mwenyewe ndiye kasaini, sasa wewe unabishana na nani?" Nami nikacheka, nikaona fahari.

Kasuku aliharisha siku tatu. Siku ya nne tulimzika.

Wakati wa msiba daktari alisema ni maji. Mdogo wangu akafungua chujio, akavaa ile lenzi yake ya jichoni, akaona mistari kwenye kichungi, myembamba kama unywele. Akajihukumu palepale. "Ufa huu ni mimi. Nilikaza nati kupita kiasi. Ni mkono wangu."

Nilikuwa nimekaa kando yake, bega kwa bega. Majibu ya maabara yalikuwa yameitaja mistari ile: ni ya tanuri, vichungi vyote vinavyochomwa huwa nayo, haina madhara. Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo. Nikamshika bega nikamwambia yote ni mapenzi ya Mungu.

Alifunga duka la saa. Alisema hauamini tena mkono wake. Tangu siku hiyo hanywi maji ambayo hakuyaona yakichemka; popote aendapo, chupa yake ya moto i kwapani. Ukoo mzima tunamwita Bwana Birika. Miaka thelathini na moja nimecheka pamoja nao.

Jumapili, 10 Machi

Nimemwambia Sisimizi ampigie simu babu yake mdogo, aje. "Nimwambie umezidiwa?" Hapana. Mwambie nina kitu chake.

Kiwanda kilifungwa zamani, mafaili yote yakachomwa. Ile karatasi nyeupe sikuiacha humo. Sijui kwa nini niliitunza. Imekaa ndani ya kamusi, imegeuka rangi ya chai.

Jumatatu, 11 Machi

Nimejaribiwa kunyamaza. Mdogo wangu ananipenda. Akinililia akiwa hajui, nani ataumia?

Yeye. Ataendelea kuumia.

Sisimizi amerudi na lebo mpya. Hulainisha ngozi. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono. Amenunua na faili, la kijani. "Babu, namba mbili sikupata ushahidi, nikalifuta dai lenyewe." Akasema hivyohivyo tu, anatafuna karanga. Ana miaka ishirini na minne. Mimi nilikuwa na arobaini na sita.

Jumanne, 12 Machi

Alifika saa nne. Akasimama mlangoni: "Kaka, wameniambia unakufa. Mbona umenenepa?" Nikamwambia ni uvimbe. "Hata huo uvimbe umekupendeza." Akaweka chupa yake mezani, akaona kucha zangu, akaguna, akamwomba Sisimizi kikata kucha.

Akaanza kunikata. Kidole kimoja kimoja, bila kunigusa nyama. Ule mkono asiouamini — hautetemeki hata kidogo.

Alipofika kidole cha tisa nikamwambia. Yote, kwa mpangilio: karatasi, meneja, siku ya kumi na moja. Hakuuachia mkono wangu. Nikamwonyesha kamusi. Akaitoa karatasi, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mbona haina kitu?"

Nikasema ndiyo hiyo.

Akaishusha karatasi. Kisha: "Na ule ufa?"

Haukuwa ufa. Vichungi vyote vilikuwa na mistari ile.

"Ulijua? Siku ile umekaa kando yangu, ulijua?"

Nilijua.

Alikiweka kikata kucha juu ya shuka, polepole, kama mtu anayeweka saa ya mtu. Akatoka barazani na karatasi yangu mkononi.

Sasa ni saa sita. Naandika nikiwa nasikiliza. Sisimizi hajui lolote. Namsikia: "Babu, kaa basi, mbona umesimama juani? Nikuletee maji? Nimeyachemsha mwenyewe." Amerudia, kwa sauti ndogo zaidi.

Kucha ya kidole cha kumi bado ndefu, inakwaruza ukurasa. Chupa yake iko hapa mezani kwangu. Hajawahi kuisahau mahali popote.

Nimesikia geti likifunguliwa.

Halijafungwa bado —