Paji la Uso la Gari

Jumapili, 4 Juni

Gari limelala uani. Letu! Mume wangu Ermek ametuma pesa kutoka Urusi, mimi nimechagua, na sasa lipo, kati ya banda la kuku na kamba ya nguo. La Kijapani, limeshachoka kidogo, rangi ya majivu, usukani kulia. Ukiwasha, kuna mwanamke ndani ya dashibodi anasema maneno ya Kijapani kwa adabu nyingi. Mama mkwe wangu alikaa kiti cha mbele, mikono magotini, akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamjibu, "Nawe pia, mwanangu, upate heri."

Sikucheka. Nilitaka, lakini nikaona hatanii.

Ermek anadhani gari ni la kupelekea mapazia ninayoshona kwa wateja. Ni kweli, lakini si hilo kwanza. Kwanza ni Mama. Dada yake, Sayrakan, yuko malishoni Suusamyr, ng'ambo ya mlima, na anaumwa. Hawajaonana tangu tulipomzika baba mkwe. Mabasi madogo Mama hayawezi, anatapika njia nzima. Basi nimemwahidi: mwezi huu huu nitamvusha mlima mwenyewe.

Nimetoka tena kulitazama. Chuma chote kile, uzito ule, nami nalisimamisha kwa kukanyaga kidogo tu. Mwendo haunishangazi. Kusimama ndiko kunanishangaza.

Jumatano, 7 Juni

Breki zinalia. Hazikulia siku ya kwanza. Jana ziliguna, leo zinalia kabisa, na ukikanyaga gari linafikiri kwanza ndipo linasimama.

Nimempelekea Melis, fundi, aliyesoma na Ermek. Alivua magurudumu ya mbele, akanionyesha. Sikujua kama ni kidogo hivyo! Sahani ya chuma inayong'aa, na vipande viwili vinavyoibana pande zote. Basi. Maisha yetu yote yanashikiliwa na mbano ule. Nilibaki nimetumbua macho hadi Melis akauliza kama naumwa.

Anasema vile vipande, pedi, zimelowa mafuta, pengine mpira umechoka mahali, oili ya breki inavuja. Amesafisha, amebadilisha mpira. "Nenda, shemeji. Ikilia tena nipigie mimi, usimpigie Ermek." Mlima hapana, kasema, mpaka ahakikishe.

Ijumaa, 9 Juni

Leo nusura niue mtu.

Njia ya sokoni, ule mteremko wa kinu cha zamani. Kundi la kondoo likaingia barabarani, mchungaji nyuma yao akitafuna mbegu za alizeti bila habari. Nikakanyaga. Gari halikusimama. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili, nikavuta breki ya mkono, likaenda upande upande, likasimama kondoo wa mwisho akiwa ameegemea taa. Ameegemea! Alinitazama, akajamba, akaondoka.

Mchungaji alikuja dirishani. Nilitegemea matusi. Akasema tu, "Dada, shuka upumue."

Nilishuka. Nilitazama juu, milima imekaa pale na theluji yake, nikawaza: kule ndiko ninakotaka kumpeleka mama wa watu na gari hili.

Mama sijamwambia. Wakati wa chai ya jioni aliniuliza, "Mlimani lini?" Nikasema, karibuni.

Jumatatu, 12 Juni

Sijui nianzie wapi.

Melis alivua magurudumu tena. Pedi zimelowa tena, chapachapa. Mpira mzima, mabomba makavu, oili iko palepale kwenye alama. Akalala chini ya gari muda mrefu. Kisha akatoka, akapitisha kidole kwenye ile sahani, diski, akanusa. Akanusa tena. Akaniletea mimi ninuse.

"Shemeji," akasema polepole, "hii ni kondoo."

Nilidhani ni yule wa Ijumaa. Lakini Melis akatikisa kichwa: hapana, haya ni mafuta ya mkia wa kondoo, yamepakwa, tena kwa uangalifu. Ona alama za vidole.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mama alikuwa jikoni, kisu mkononi, anakata mafuta yaleyale. Nikamwuliza. Hakuficha hata kidogo, alishangaa nauliza nini. Ndiyo, anapaka. Kila asubuhi kabla sijaamka. Kwao farasi mpya alipakwa mafuta kwenye paji la uso ili njia yake iwe nyeupe, asijikwae, amrudishe mwenyewe nyumbani. Gari halina paji la uso. Alilizunguka, akachungulia kati ya zile nondo za gurudumu, akaona kile kisahani kinachong'aa ndani. "Nikajua, huo ndio uso wake. Nikapitisha vidole."

Jamani. Kati ya sehemu zote za gari lile! Angepaka kioo. Angepaka boneti, viti, hata usukani.

Nikapaza sauti. Mimi, mkamwana, ambaye tangu niolewe, kwa heshima, sijatamka hata jina lake. Nikamwambia ametaka kutuua. Nikasema "ujinga". Neno lilitoka likabaki jikoni, halikwenda popote.

Aliweka kisu chini, akafuta mikono, akaingia chumbani kwake.

Nimekaa hapa nafikiria vile vidole. Mzee mwenye mgongo mbovu vile, anaamka gizani, anapiga magoti uani kwenye baridi, gurudumu hadi gurudumu, ananiombea nirudi salama. Kila siku. Na kila siku mimi nikipanda nalalamika kwamba kiti kinaniumiza.

Jumanne, 13 Juni

Nimeomba radhi. Alisema, "Yamepita." Hayajapita. Haniiti mwanangu tena. Ananiita "wewe".

Melis ameagiza pedi mpya.

Alhamisi, 15 Juni

Kubat, mtoto wa Sayrakan, amepiga simu kutoka malishoni. Mama yake hali tena chakula. Anauliza dada yake amefika wapi, kana kwamba tuko njiani tayari.

Mama alisikia yote, simu ilikuwa na sauti kubwa. Alianza kufunga mzigo wake bila kuniomba chochote. Hilo limeniuma kuliko kama angeniomba.

Pedi zimefika, Melis amezifunga na kuosha diski kwa petroli hadi harufu ya kondoo ikaisha. Lakini akanishika bega: pedi mpya na diski hazijazoeana. Zitembeze mjini wiki nzima, taratibu, ndipo mlimani. Zikipata joto mapema zitakuachia. Nikamwambia Sayrakan hana wiki. Akajikuna kichwa. "Basi tumia gia, shemeji. Gia ndogo. Mguu wako uwe mwepesi kama unakanyaga mtoto aliyelala."

Kesho natembeza mjini. Jumamosi tunaondoka. Naogopa, naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia. Ermek nimemwambia gari ni zuri sana.

Jumamosi, 17 Juni

Naandikia kwenye goti, gari limezimwa, tumeegesha kando ya barabara chini kidogo ya mlango wa pili wa handaki linalotoboa mlima.

Kupanda kulikuwa kwema. Zaidi ya kwema. Barabara inajikunja, unatazama chini unaona ulikotoka kama uzi, mawingu yako chini yako, na gari linapanda tu, linanguruma bila kuchoka. Mara kadhaa nilijikuta nimeshikilia pumzi. Mama alikaa nyuma. Alikuwa akizungumza na yule mwanamke wa Kijapani: "Mwambie dereva wako afunge dirisha." Nilifunga.

Handaki, giza, moshi. Halafu mwanga, na Suusamyr yote chini yetu. Sina maneno. Kijani mpaka macho yanauma. Mahema ya duara madogo kama vifungo vya shati. Hata Mama alisema "Ee" moja ndefu.

Kisha mteremko. Gia ndogo, mguu mwepesi. Kona, kona. Nikaanza kusikia harufu ya kuungua. Mguu ukazama zaidi kuliko kawaida. Nikaegesha upesi.

Mama alishuka. Akaweka kiganja karibu na gurudumu, akahisi joto. "Amechoka," akasema. Walipovuka mlima huu utotoni, yeye na Sayrakan juu ya farasi mmoja, baba yao aliwashusha kwenye mteremko. Mtu hampandi farasi aliyechoka akiteremka. Akatoa simu, akampigia Kubat: njoo na farasi. Kisha akaanza kuteremka kwa miguu, katikati ya barabara, mikono nyuma.

Malori yakafika kutoka handakini. Nikangoja honi. Hakuna aliyepiga. Nani atakata njia ya mzee? Lori la kwanza likapunguza, la pili, la tatu, msafara mzima ukimfuata kikongwe mmoja mwenye kitambaa cheupe, mwendo wake ule ule. Dereva mmoja amevua kofia. Nimelia, sijui kwa nini.

Kubat amefika. Ana farasi wawili, mmoja mtupu. Mama amesimama kando ya njia, malori yanapita sasa, yanampungia. Nawaona vizuri kutoka hapa. Kubat anamwonyesha chini, hema la mwisho kando ya mto. Hapo ndipo Sayrakan alipo. Kwa farasi, kukata majani moja kwa moja, ni karibu. Salama pia. Mimi ningefuata baadaye, peke yangu, breki zikipoa.

Apande tu. Nasema kweli, ningetaka apande.

Nimekanyaga breki sasa hivi kujaribu. Imekuwa ngumu kidogo, imerudi juu. Sijui kama inatosha.

Kubat ameinama, ameweka mikono kumpa pa kukanyagia. Mama amempapasa farasi shingo, amemwambia neno. Amemrudishia Kubat hatamu.

Anapanda barabara kuja huku, taratibu, ameshika kiuno. Ameshafika kwenye mlango wa gari. Anasema, "Washa, mwanangu."