Mama Ameshaonja

Kibosho, Moshi
16 Novemba 1997

Kwako kaka Thadeus,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima wa afya, na wifi Margareta na watoto wote hawajambo. Sisi huku mlimani tunaendelea kwa neema ya Mungu. Mvua za vuli zimeanza vizuri, migomba imebeba, na kahawa nayo ipo ipo tu, maana bei ya mwaka huu imewafanya majirani wengi waing'oe na kupanda nyanya. Mama anakusalimu. Hajui kwamba nakuandikia, lakini hakuna siku inayopita bila kukutaja, kwa hiyo zipokee salamu zake.

Uliandika ukiuliza kwa nini nimekuwa kimya tangu sherehe ya kumuaga mwanao Monica. Umeuliza mwenyewe, kaka, sasa usije ukasema nimekukosea adabu. Nimekukasirikia. Nimekukasirikia mpaka nikisikia jina lako kanisani kwenye matangazo ya michango nageuza uso. Ningekuwa mkubwa kwako ningesafiri kuja Dar es Salaam nikakwambie haya mbele ya watoto wako.

Unajua vizuri kile kileo cha matunda ya miiba. Usijifanye mgeni. Ni wewe uliyekuwa ukigombana na mimi nani alambe kitambaa cha kuchujia, na siku ya Komunyo yako ya kwanza uliiba kikombe kizima ukalala chini ya mgomba mpaka baba akakutafuta kwa fimbo. Mama alipokuwa akifanya kazi jikoni misheni alifundishwa na yule sista Mjerumani, na mpaka leo hajabadilisha kitu. Anapanda mwenyewe hadi ukingoni mwa msitu, anachuma yale meusi tu yanayoachia bila kuvutwa, anayatandaza kwenye jani la mgomba yakauke maji, halafu anayalaza kwenye chupa kubwa na sukari na pombe kali nyeupe ya dukani. Siyo gongo, kaka. Ni ya dukani, yenye muhuri. Halafu anasubiri miezi, na kila akipita anaitikisa chupa na kuisemesha.

Chupa za safari hii alizilaza siku ile ile aliposikia Monica amechumbiwa. Alisema wakwe wakija watapewa mbege ya ndizi kama watu wote, lakini hiki watapewa kwa sababu ni mjukuu wake. Wiki ya sherehe akapanda tena msituni, mguu kwa mguu na mkongojo wake, kwa sababu alitaka kuwe na kikapu cha matunda mabichi mezani, wakwe waone kileo kinatokana na nini. Huko ndiko mwiba ulikomwingia unyayoni. Mguu ukavimba, tukamshusha hospitali kule Mawenzi, wakaupasua na kumkataza kukanyaga. Wewe ulituma ujumbe kwamba apumzike, picha za video ataletewa.

Asubuhi ya sherehe aliniita kitandani. Akaniambia nifungue chupa zote. Unaijua desturi yetu, kwamba aliyetengeneza pombe ndiye anayeonja kwanza mbele ya wageni, wajue kwamba hawawekewi kitu kibaya. Kwa kuwa hakuweza kuja, akaonja pale pale kitandani, chupa moja baada ya nyingine, mbele yangu kama shahidi. Alikuwa amejifunga kitenge chake cha Kristmasi ingawa haendi popote. Akaniagiza nisimame mbele ya mzee Aminieli, baba mkwe wa Monica, niseme kwa sauti kwamba mama ameshaonja. Hayo tu. Nilikuja nayo njia nzima nikiyarudia moyoni nisije nikatetemeka mbele za watu.

Na wewe ukanizuia mlangoni mwa ukumbi kule mjini. Umevaa suti yako, unanuka manukato, unaniambia kwa mdomo wa pembeni kwamba hawa ni watu wa maana, watadhani tumewaletea gongo ya porini, na kwamba umeshanunua divai ya maboksi kutoka Afrika Kusini. Nikakuambia mama ameniagiza. Ukaniambia mama ni mzee, hatajua. Kaka, maneno hayo nayasikia mpaka leo nikikoroga uji.

Mimi nilidhani umeziweka chupa pembeni. Ni mama Hadija, yule mpishi wa Majengo uliyemkodi, ndiye aliyekuja kunitafuta kati ya wageni. Alisema umemwagiza amwage vile vitu nyuma ya jiko, naye akakujibu kwamba dini yake haimruhusu kushika pombe, hata ya kumwaga. Ukawaita vijana wa kupanga viti wakaifanya kazi hiyo. Nilipofika, mfereji wote ulikuwa mwekundu na nyuki wamejaa. Nyuki, Thadeus! Wametoka wapi pale mjini sijui, lakini wao walijua kilichomwagwa kuliko wewe. Na kikapu cha matunda kilikuwa kimetupwa juu ya maganda ya ndizi.

Ndani mzee wa ukoo akaonja mbege kwanza kwa niaba ya walioipika, watu wakapiga vigelegele, na wewe ulikuwa wa kwanza kupiga makofi. Desturi hukuisahau. Uliamua tu nani ahesabiwe ndani yake na nani asihesabiwe, na uliyemtoa ni mama yako mzazi. Hilo ndilo siwezi kulimeza.

Sasa sikiliza lililobaki, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Niliporudi nyumbani mama alikuwa macho, ananisubiri. Akauliza wamesemaje. Nilimwangalia na mguu wake umefungwa bendeji, nikashindwa. Nikamdanganya. Nilimwambia mzee Aminieli alikunywa, akaomba tena, akauliza ni mikono ya nani iliyotengeneza kitu hiki. Mama alicheka mpaka akajifunika uso kwa shuka. Sijawahi kumwona akicheka hivyo tangu baba afariki.

Basi uongo wangu umezaa. Mguu ulipopona tu, hakusubiri, amerudi msituni. Nilimficha mkongojo, akakata mwingine. Chupa mpya zimesimama juu ya kabati lake sasa hivi. Na amemtuma Monica awaalike wakwe zake waje kula Kristmasi hapa kihambani, nyumbani kwetu migombani, watakapopanda kutoka Dar, nao wamekubali. Mama ameshapanga namna atakavyosimama, aonje, kisha amuulize mzee Aminieli mbele ya ukoo mzima, je, hiki kimefikia kile cha siku ile? Na yule mzee wa watu, kwa uaminifu wake, atauliza, kipi?

Siku hiyo mama atatuangalia mimi na wewe. Mimi nitajua la kumwambia kuhusu mdomo wangu. Wewe utamwambia nini kuhusu mfereji?

Fabian, mtoto wa shangazi anayesafirisha ndizi, anakuletea barua hii pamoja na chupa iliyofungwa kwenye majani makavu ya mgomba. Ni moja ya zile za sherehe. Mama Hadija hakuigusa, kama dini yake inavyotaka. Aliifunika tu kwa ungo kabla vijana hawajafika. Nataka uvae ile suti yako, uende kwa mzee Aminieli kabla hawajafunga safari. Mweleze ulichofanya, kwa mdomo wako, siyo kwa kumtuma wifi. Halafu mmiminie. Akipenda, akaomba tena, basi nitakuwa sijamdanganya mama, nilitangulia tu. Asipopenda, niandikie haraka, nitamwambia mama ukweli wote mwenyewe, na wewe Kristmasi hii usipande.

Na wewe usithubutu kuonja kwanza. Hiyo si nafasi yako. Simama mbele yake useme kwa sauti yale uliyonizuia mlangoni nisiyaseme, kwamba mama ameshaonja.

Nisalimie wifi na wote wa hapo nyumbani, na watoto waambie bibi anawawekea ndizi za kuchoma. Mungu awalinde, na wewe akupe haya usoni.

Ni mimi mdogo wako,
Yuditha