Baada ya 33 333 331

Alhamisi, Murara. Mvua tangu saa saba, baridi, na nguo za shule bado hazijakauka.

Kitu hiki sijamwambia mutu: leo nimedanganya darasa zima, na Esta ndiye amechekwa.

Esta ni mutoto wa mama mukubwa. Tunalala chumba kimoja, tunasoma darasa moja. Huniita Yaya kwa kuwa nimemuzidi umri kidogo, lakini yeye ndiye huongea kwa niaba yetu wawili. Mimi profesa wetu wa hesabu akiniita, namutazama yeye ajibu. Lakini wiki hii nilisoma kitu kwenye simu, nikakipenda mpaka leo nikanyoosha kidole.

Niliandika kwa chaki kwenye tablo: 31, 331, 3 331, 33 331. Zote ni namba tasa, hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Ongeza tatu nyingine mbele, bado tasa. Nikafika ya saba, 33 333 331. Nikaeleza kwamba kuihakikisha hiyo kwa mukono, utaigawa na kila namba tasa mpaka upite elfu tano na mia saba, na hakuna hata moja itakayoingia.

Darasa likaweka kalamu chini. Kunisikiliza mimi.

Nikanogewa. Nikaandika na 333 333 331, nikasema hata hii ni tasa, na zitaendelea hivyo bila mwisho. Kumbe mimi nilikuwa nimesoma mpaka ile ya saba tu. Nilifikiri, saba zimekubali, ya munane itakataaje?

Esta alikuwa anahesabu kwa kalamu juu ya dawati. Akasema polepole, si kwa kunishinda:

"Yaya, jaribu na dix-sept."

Nikamjibu kwa Kifaransa, kile cha kujionyesha, kwamba kumi na saba nimeshaijaribu, haiingii.

Sikuijaribu.

Profesa aliniamini. Wale wa nyuma wakamwambia Esta arudi primaire kwa watoto wadogo akajifunze kugawa. Akacheka nao kidogo, kisha akafuta hesabu yake kwa kidole. Njiani, yeye anayesalimia mpaka mbuzi za watu, alitembea mbele yangu akitazama viatu vyake.

Jioni nikisafisha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, niliosha mikono, nikaigawa. Kumi na saba inaingia mara 19 607 843. Hakibaki kitu. Nikarudia, nikiomba kibaki hata kimoja.

Profesa anataka Jumatatu nieleze tena mbele ya wakubwa wa mwaka wa sita. Naweza kuishia kwa ile ya saba, na hakuna mutu atajua, ila Esta. Na Esta hatasema. Hilo ndilo linanitia haya zaidi: nilishalipanga hivyo kabla samaki hawajaiva.

Nasikia ndala zake koridoni. Kila siku akikaribia nageuza kifudifudi simu hii ninayoandikia.

Mulango unafunguka. Anauliza naandika nini tena.

Nasogea kitandani, apate pa kukaa asome.