Hita ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka kwa Mama nikiwaka. Kwa hasira, si kwa umeme.

Nilipita kumsalimia tu. Akaniambia, huku anacheka, kwamba akioga maji ya moto bomba "linamtekenya". Linamtekenya! Nikaenda moja kwa moja kwenye bodi ya umeme. Kuna kile kifaa nilichomfungia mwenyewe, cha kukata umeme ukianza kuvuja, kabla haujamdhuru mtu. Nikabonyeza kitufe cha kujaribia. Kimya. Nikaishusha swichi yake kwa kidole — taa ya bafuni inawaka vilevile!

Nikafungua kifuniko. Nyaya zimetolewa kwenye kifaa, zikaunganishwa pembeni. Kifaa kimebaki pambo. Na kazi safi, jamani: nyaya zimekunjwa vizuri, tepu imezungushwa bila kasoro. Mkono wa Kaka huo. Fundi aliyenifundisha kazi hii!

Nimerudisha kila waya mahali pake, nikapima, kinakata. Nikawasha hita — tak! Giza. Kumbe hita ndiyo inayovuja. Nimemwambia Mama asiiguse mpaka tuibadilishe. Akaitikia "sawa, mwanangu", ile sawa ya kunifukuza.

Jumanne, 4 Machi

Kaka kapiga simu. Eti namtisha Mama bure. Eti umeme ulikuwa unakatika kila Mama akishajipaka sabuni, kutwa analalamika, sasa yeye angefanyaje? Ungebadilisha hita, kaka! Kifaa kinapiga kelele, wewe unakiziba mdomo!

Akasema yeye ndiye aliyenishikisha bisibisi, leo nampima yeye? Nikamkatia simu. Sijawahi kumkatia simu kaka yangu. Wala sijuti.

Alhamisi, 6 Machi

Mama kapiga, furaha tele. Anasema kaka yako kapita jana, maji ya moto yamerudi, umeme haukatiki tena, Mungu ambariki. Nilikuwa juu ya ngazi dukani kwa watu, nusura nianguke.

Nikamwambia, Mama, usioge! Akasema kaoga asubuhi na yuko hai, au naongea na mzimu? Halafu: "Wewe na kaka yako mna yenu, msiniingize." Yetu yapi? Mwanawe wa kiume akisema ni ufundi, mimi nikisema ni wivu. Nimechoka! Nimechoka kabisa.

Nikaacha kazi nusu, nikaenda mbio. Mlango umefungwa. Jirani kasema Mama kaenda kwa dada yetu, atalala huko. Afadhali, kule wanachemsha maji jikoni. Nimempigia dada, asimruhusu kuondoka kabla sijafika mimi. Akacheka: tangu lini Mama akaruhusiwa?

Ijumaa, 7 Machi

Kaka kaniwahi. Nimemkuta Mama kesharudi, taulo begani, na Kaka kajinyoosha kwenye kochi kama mwenye nyumba. Sikusalimia. Nimezima mein swichi, ile ya nyumba nzima, na nimekaa chini, mgongo kwenye ukuta wa bodi. Atakayetaka kuiwasha anihamishe kwanza.

Kaka kasema nimezidi ukaidi. Mama kasema anataka kuoga, ana safari ya kwenda kumwona mgonjwa, atatokaje na jasho la jana? Na hita ni nzima, fundi mwenyewe kasema.

Nikamwambia Kaka: sawa, nawasha sasa hivi. Ila tangulia wewe kuoga.

"Ndiyo, mwanangu," Mama kasema, "kaoge, tumalize haya maneno."

Kaka kacheka. Kavua shati, kachukua taulo begani kwa Mama, kaenda. Mlangoni pa bafu kasimama. Kaangalia juu, kaangalia bomba. Kisha kauliza, kwa sauti ndogo, kama ndani humu kuna ndala za mpira.

Naandika haya nikiwa bado nimekaa hapa chini ya bodi. Mama kainamisha kichwa. Anaitazama miguu yake mwenyewe, mitupu, hapo sakafuni.